Vumbi la Mfukoni: Historia ya Mashine Inayokausha Nguo na Wakati Mwingine Kuchoma Nyumba

Ingiza kidole kwenye kona ya mfuko wa jinzi yako. Utatoa kitu cha kijivu, laini kama pamba, kimejikunja. Wengi wetu hatuna hata jina lake, tunakitupa tu. Mimi nitakiita vumbi la nguo. Ni nyuzi ndogo sana zinazochanika kwenye kitambaa kila unapovaa, unapofua na unapokausha. Ukikigusisha njiti ya kiberiti kinawaka mara moja, hata kabla hujahesabu mbili. Kuna watu wanaopenda kupiga kambi porini ambao hukihifadhi makusudi ili kiwasaidie kuwasha moto.

Sasa fikiria kitu hicho kikiwa kimejaa ndani ya mashine yenye koili ya umeme iliyowaka, ukutani mwa nyumba ambayo watoto wamelala. Hiyo ndiyo stori ya leo. Najua mtu ataniuliza, "Bro, sisi tunaanika nguo kwa kamba, hii inatuhusu nini?" Inatuhusu, na nitafika huko. Lakini lazima kwanza tupitie Massachusetts, North Dakota na London, kwa sababu hii stori haikuanzia Kilimani.

Niliacha chuo, kwa hivyo hakuna profesa wa kunipa alama kwa hii insha. Hoja yangu ni moja tu: mashine husafiri haraka, lakini maarifa ya kuitunza hubaki nyuma. Na pengo lililo kati ya hivyo viwili ndimo watu huungulia.

Viwanda vilijua mapema

Watu wa kwanza kuogopa vumbi la nguo hawakuwa watu wa nyumbani. Walikuwa wenye viwanda vya pamba karne ya 19, Uingereza na kaskazini mashariki mwa Marekani. Ndani ya kiwanda cha pamba, vumbi hilo lilikuwa kila mahali: hewani, juu ya mihimili ya mbao, chini ya mashine, hadi kwenye mapafu ya wafanyakazi. Sakafu nazo zilikuwa zimelowa mafuta ya kulainisha mashine. Taa zilikuwa za moto halisi. Yaani mtu alikuwa amejenga jiko kubwa la ghorofa tano, akaingiza mamia ya wafanyakazi ndani.

Tarehe 10 Januari 1860, katika mji wa Lawrence, Massachusetts, kiwanda cha Pemberton kiliporomoka ghafla. Nguzo zake za chuma zilikuwa dhaifu. Mamia ya wafanyakazi walikuwa ndani, wengi wao wahamiaji, wanawake na vijana. Waliokwama chini ya vifusi walikuwa bado hai, wanaongea na waokoaji, wengine wanapewa maji. Usiku ukaingia, watu wakaleta taa. Taa moja ikavunjika, moto ukashika mabaki ya pamba yaliyolowa mafuta. Waokoaji wakalazimika kurudi nyuma huku wanasikia sauti za watu waliokuwa karibu kuwafikia. Makadirio ya waliokufa yanaanzia 88 hadi 145.

Jengo lilianguka kwa sababu ya ujenzi mbovu. Lakini waliokuwa wamepona anguko hilo wakaja kumalizwa na pamba yenye mafuta.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba miaka 25 kabla ya Pemberton, kuna mtu alikuwa ameshapiga hesabu za moto viwandani. Anaitwa Zachariah Allen, mwenye kiwanda huko Rhode Island. Jamaa alitengeneza kiwanda chake kiwe kigumu kuungua: sakafu za mbao nene ambazo hazishiki moto haraka, milango mizito ya kuzuia moto, pampu ya maji. Akaenda kwa kampuni ya bima akasema, "Mimi ni hatari ndogo, nipunguzieni malipo." Wakakataa. Kwao kiwanda ni kiwanda, lipa kama wengine.

Basi mwaka wa 1835 Allen akakusanya wenye viwanda wenzake wakaanzisha bima yao wenyewe. Ni kama chama, lakini cha matajiri. Wanachama walikaguliwa. Kama kiwanda chako ni kichafu, hauingii. Mfumo huo ulikua hadi ukawa kampuni kubwa ya bima ambayo bado ipo Rhode Island mpaka leo. Na viwanda hivyo vya nguo ndivyo vilivyokuwa wateja wakubwa wa kwanza wa vinyunyizio vya maji vya dari, vile vinavyojifungua vyenyewe moto ukiwaka. Henry Parmelee aliviweka kwenye kiwanda chake cha piano huko Connecticut mwaka wa 1874, kisha Frederick Grinnell wa Providence akaviboresha na kuvisambaza.

Kwa hivyo kufikia mwaka wa 1890 hivi, mwenye kiwanda cha pamba alijua mambo matatu: vumbi la nguo ni kuni, usafi ni kinga ya moto, na lazima kuwe na mtu wa kukagua. Weka hayo matatu akilini. Tutaona yakipotea.

Kutoka juu ya jiko hadi kwenye dirisha la kioo

Upande wa pili, watu walikuwa wanahangaika kukausha nguo. Sisi tuna jua. Mtu wa Ulaya kaskazini au Marekani kaskazini akianika shati mwezi wa Januari, linaganda linasimama kama ubao.

Mwaka wa 1800 hivi, Mfaransa mmoja anayejulikana kwa jina Pochon alitengeneza pipa la chuma lenye matundu. Unaweka nguo zilizokamuliwa ndani, unalizungusha kwa mkono juu ya moto. Ndiyo, juu ya moto wazi. Nguo zilitoka zikinuka moshi, nyingine zikiwa na masizi, nyingine hazikutoka kabisa.

Tarehe 7 Juni 1892, George T. Sampson, Mmarekani mweusi wa Dayton, Ohio, akapewa hataza ya kifaa chake cha kukausha nguo. Chake kilikuwa fremu ya kuning'iniza nguo karibu na joto la jiko. Nimemtaja kwa jina kwa sababu watu weusi waliovumbua vitu vya nyumbani kipindi kile huwa hawatajwi, na stori za mashine hizi huanza kana kwamba kila kitu kililetwa na kampuni.

Halafu kuna J. Ross Moore wa North Dakota. Alichoka kuona nguo zikianikwa kwenye baridi kali, akajenga kibanda na kuweka pipa linalozunguka likipashwa joto. Alihangaika miaka mingi kutafuta kampuni ya kumsikiliza. Mwishowe kampuni ya Hamilton ya Two Rivers, Wisconsin, ikakubali, na mwaka wa 1938 mashine ikaingia sokoni kwa jina June Day, yaani siku ya Juni. Kwao Juni ni jua na kiangazi. Kwetu Nairobi Juni ni sweta, lakini mmeelewa.

Mbunifu aliyepewa kazi ya kuipendezesha aliitwa Brooks Stevens. Inasimuliwa kwamba aliangalia lile sanduku jeupe akasema hakuna mtu dukani atakayejua linafanya nini. Akashauri waweke dirisha la kioo mlangoni, halafu wajaze ndani nguo za ndani za rangi kali zikizunguka. Watu wakasimama kutazama, mashine zikauzwa.

Hapo ndipo naona kitu. Dirisha lilimwonyesha mteja nguo zinazozunguka. Halikumwonyesha nyuma ya mashine, ambako hewa ya moto inatoka imebeba vumbi. Mteja aliuziwa kile kinachoonekana. Kile cha hatari kikawekwa nyuma, karibu na ukuta.

Jinsi inavyowaka

Wacha nieleze mashine inavyofanya kazi, maana bila hapo ushauri wote ni kelele tu.

Draya inavuta hewa ya chumba, inaipitisha kwenye koili ya umeme au mwako wa gesi, hewa inapata joto, inapita katikati ya nguo zinazozunguka, inanyonya maji, halafu inatoka. Ikitoka inabeba mvuke na vumbi la nguo. Kuna chujio la kushika vumbi hilo, kawaida karibu na mlango. Lakini chujio halishiki lote. Linalobaki linaingia kwenye bomba la hewa linalopita ukutani hadi nje, na lingine linajipenyeza ndani ya sanduku la mashine yenyewe, karibu na koili.

Sasa chujio likiziba, au bomba likijaa, hewa inapungua. Hewa ikipungua joto halina pa kwenda. Nguo hazikauki, kwa hivyo unaongeza dakika. Ukiongeza dakika unaongeza joto. Ndani mna vumbi kavu linalowaka kirahisi kuliko karatasi. Mashine nyingi zina kifaa cha kukata umeme joto likizidi, lakini kifaa nacho huchoka au kuharibika.

Moto ukishika ndani, feni ileile iliyokuwa inasukuma hewa sasa inapuliza moto kuelekea kwenye bomba. Na bomba limejaa vumbi. Kama bomba ni la plastiki, lenyewe linaungua pia. Kumbuka bomba hilo limepita ndani ya ukuta au juu ya dari.

Ukisoma hayo vizuri utaona kwamba mashine inakuonya mapema. Nguo zikianza kuchukua muda mrefu kukauka, zikitoka moto kupita kawaida, au kukiwa na harufu ya kuungua, huo ni ujumbe. Watu wengi wakipata ujumbe huo hubonyeza tu kitufe mara ya pili.

Marekani: uvivu una takwimu

Marekani leo karibu nyumba 8 kati ya kila 10 zina draya. Idara yao ya serikali kuu inayoshughulikia mambo ya moto ilichambua miaka ya 2008 hadi 2010 ikakadiria mioto 2,900 ya draya majumbani kila mwaka, vifo 5, majeruhi 100 na hasara ya dola milioni 35. Sababu iliyoongoza? Kutosafisha. Asilimia 34. Sio wizi wa umeme, sio radi. Ni mtu kutotoa vumbi.

Unaweza kusema vifo vitano kwa nchi kubwa kama ile ni vichache. Kweli ni vichache. Ila hakuna hata kimoja ambacho kilihitaji sayansi mpya kukizuia. Mwenye kiwanda wa mwaka wa 1890 angekuambia cha kufanya: ondoa vumbi, kagua. Mambo matatu yale niliyosema mweke akilini yalikuwa sheria kiwandani kwa sababu kulikuwa na bima iliyokuja kuchungulia. Nyumbani hakuna anayechungulia. Mashine iliingia sebuleni, mkaguzi akabaki kwenye geti la kiwanda.

Na hapo ndipo Wakenya tunaanza kuingia kwenye stori. Jirani kabisa na mji wa Lawrence, ule wa kiwanda cha Pemberton, kuna mji mwingine wa viwanda vya pamba unaitwa Lowell. Leo Lowell kuna Wakenya wengi sana. Kuna watu wetu huko wanafanya kazi zamu ya usiku, wanarudi asubuhi, wanatupa nguo za kazi kwenye draya, wanalala. Mtu amekua akianika nguo kwa kamba Nyeri au Kisii, anaingia nyumba ya kupanga yenye draya aliyoikuta hapo. Nani amemwambia kuna bomba nyuma? Mwenye nyumba anasema ni kazi ya mpangaji. Mpangaji hajui hata kama bomba lipo. Pengo lile lile.

London: wakati kosa si lako

Hadi hapa inaonekana kama nawalaumu watu kwa uchafu. Ngoja. Kuna upande mwingine na huu ndio unaonikera.

Novemba 2015, kampuni ya Whirlpool ilitangaza Uingereza kwamba draya zilizotengenezwa kati ya Aprili 2004 na Septemba 2015, zenye majina kama Hotpoint, Indesit na Creda, zina kasoro. Vumbi la nguo lingeweza kugusa koili na kuwaka. Idadi ya mashine hizo ilikuwa zaidi ya milioni 5. Whirlpool ilikuwa imeinunua Indesit mwaka mmoja tu kabla, kwa hivyo ilirithi kasoro pamoja na kiwanda.

Ushauri waliopewa wateja ulikuwa upi? Fundi atakuja kurekebisha. Kwa sasa endelea kutumia, ila usiiache mashine ikifanya kazi peke yake. Wasee, mashine inaweza kuwaka moto, na jibu ni kuikalia ukiitazama. Na foleni ya kumsubiri fundi ilikuwa ya miezi.

Tarehe 19 Agosti 2016, moto uliwaka kwenye jengo la Shepherd's Court, magharibi mwa London. Ni jengo la ghorofa 18. Moto ulianzia ghorofa ya 7 ukapanda juu kwa nje. Wazima moto 120 walifika. Hakuna aliyekufa, lakini familia nyingi zilitoka na nguo za mwilini tu. Uchunguzi wa zima moto wa London ulionyesha chanzo ni draya ya Indesit. Ilikuwa miongoni mwa zile zenye kasoro, bado inasubiri kurekebishwa.

Zima moto wakasema waziwazi: watu waache kutumia hizi mashine. Kampuni haikubadilisha ushauri wake hadi Februari 2017, baada ya maofisa wa kulinda wateja wa Peterborough kuibana. Na mashine zenyewe hazikuitwa rasmi kurudishwa hadi Julai 2019, baada ya serikali kutishia kutumia nguvu ya sheria. Wakati huo serikali ilikadiria kuwa hadi mashine 500,000 zilikuwa bado majumbani bila kurekebishwa. Mashine hizo zilikuwa zimehusishwa na angalau mioto 750 katika miaka 11.

Kuna kipande kingine. Baada ya Shepherd's Court, wachunguzi waligundua kwamba paneli zilizobandikwa nje ya jengo zilisaidia moto kupanda. Aprili 2017 zima moto wa London waliandikia mabaraza ya jiji barua ya kuwaonya kuhusu paneli za nje za majengo marefu. Tarehe 14 Juni 2017, jengo la Grenfell, magharibi hiyo hiyo ya London, likaungua. Watu 72 walikufa. Huo haukuanzia kwenye draya, ulianzia kwenye friji, na paneli zake hazikuwa sawa na zile za Shepherd's Court. Lakini njia ilikuwa moja: kifaa cha jikoni kinawaka, ukuta wa nje unaubeba moto. Onyo lilikuwa limeshaandikwa. Lilikuwa na umri wa miezi miwili.

Kwa hivyo nisikilizeni vizuri. Kusafisha vumbi ni kazi yako. Kutengeneza mashine ambayo vumbi haliangukii koili ni kazi ya kampuni. Kuilazimisha kampuni ni kazi ya serikali. Ukisikia mtu anasema "watu wangesafisha tu," muulize yule mpangaji wa ghorofa ya 7 angesafisha nini wakati kasoro ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa kwa skrubu.

Plagi ya miguu mitatu

Sasa turudi nyumbani. Kenya tunatumia soketi ya miguu mitatu, ile ile ya Uingereza, na umeme wa volti 240. Mkoloni aliondoka, soketi ikabaki. Matokeo yake ni kwamba kifaa chochote kilichotumika Uingereza kinaingia ukutani kwako bila adapta. Ndiyo maana tuna biashara nzima ya vitu vya ex-UK: friji, mashine za kufua, mikrowevu, na draya pia.

Mimi sina shida na ex-UK. Nusu ya vitu vizuri nilivyowahi kutumia vilikuwa na maisha mengine kabla yangu. Lakini fikiria jambo hili. Kampuni ikigundua kasoro, inaandika barua kwa mwenye mashine aliyejisajili. Barua inaenda kwenye nyumba fulani Leeds. Mashine haiko Leeds tena. Iko Umoja, imewekwa kwenye kona ya chumba cha kufulia, inakausha mashuka. Barua haina njia ya kufika Umoja. Kijitabu cha maelekezo kilitupwa kabla ya kontena kufungwa. Umeuziwa mashine, na historia yake imebaki bandarini.

Na draya zinaongezeka huku, tusijidanganye. Kuna ploti ambazo mwenye nyumba hataki kuona suruali kwenye balkoni. Kuna mitaa ambayo ukianika jinzi mpya kwenye kamba ya juu, utaikuta inatembea na msee mwingine. Kuna Julai ya Nairobi ambapo soksi hukaa siku tatu bado ni mbichi. Kuna maduka ya kufulia nguo kila kona, saluni zinazokausha taulo mchana kutwa, Airbnb za kubadilisha mashuka kila siku. Mama fua mwenyewe sasa anaulizwa kama anajua kutumia mashine.

Kwa hizi biashara kuna hatari moja ambayo hata wenye vumbi safi hawaijui. Taulo zenye mafuta, iwe ni mafuta ya kupikia, ya nywele au ya masaji, hazitoki mafuta yote zikifuliwa. Ukizikausha kwa joto kali halafu ukazirundika zikiwa bado moto, mafuta yanaendelea kujipasha yenyewe ndani ya rundo, polepole, hadi rundo linawaka. Bila koili, bila kiberiti, saa kadhaa baada ya wewe kufunga duka. Hii ndiyo sababu draya nyingi humaliza kwa dakika kadhaa za kuzungusha nguo bila joto. Sio kupoteza wakati. Ukiikatisha hatua hiyo kwa haraka zako, umekata kinga yako.

Cha kufanya, bila maneno mengi

Kila ukimaliza kukausha, toa vumbi kwenye chujio. Kila mara, sio Jumamosi. Ukiona chujio lina utando hata baada ya kutoa vumbi, lioshe kwa maji na sabuni kwa brashi laini, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Dawa za kulainisha nguo huacha utando usioonekana unaoziba hewa.

Kama draya yako ina bomba la kutoa hewa nje, litoe na ulisafishe angalau mara moja kwa mwaka. Kama ni ya biashara au familia kubwa, mara nyingi zaidi. Chomoa plagi kwanza. Kama ni ya gesi, mwite fundi anayejua, kwa sababu bomba la draya ya gesi likiziba linaweza pia kujaza nyumba hewa ya sumu ambayo hainuki.

Bomba liwe la chuma, fupi, lenye kona chache. Lile la plastiki au la karatasi ya fedha linalokunjika kama akodioni, litoe. Mikunjo yake hushika vumbi na lenyewe huungua. Toka nje uangalie pale hewa inapotokea: mashine ikiwa imewashwa, unasikia upepo? Kama husikii, kuna kitu kimeziba.

Kama yako haina bomba, ni ile ya tangi la maji, bado ina machujio na sehemu ya ndani ya kusafisha. Kutokuwa na bomba si kutokuwa na vumbi.

Usiiwashe ukatoka nyumbani. Usiiwashe ukalala. Kama unanunua ex-UK, piga picha ile stika yenye namba ya modeli, kawaida iko ndani ya mlango au nyuma, halafu uitafute mtandaoni kama iliwahi kuitwa irudishwe. Dakika tano. Fanya hivyo kabla ya kulipa.

Ikiwaka, usifungue mlango wa mashine, maana utaupa moto hewa. Kama unaweza kufikia swichi kwa usalama, zima. Toa watu, funga mlango wa chumba nyuma yako, piga 999 au 112. Usimwage maji kwenye mashine iliyo na umeme. Usirudi kuchukua simu.

Mwisho wa siku

Historia hii inanikasirisha kidogo, kwa sababu haina fumbo lolote. Kuna mambo ambayo watu waliungua kwa kutojua. Hili si mojawapo. Tangu karne ya 19 kulikuwa na watu wenye hesabu, bima na mkaguzi ambao walijua kwamba uzi mdogo wa pamba ukirundikana ni kuni. Maarifa hayo yalilinda majengo ya matajiri kwanza. Yalichukua muda mrefu kufika kwenye chumba cha kufulia cha mpangaji wa London, na hayajafika vizuri kwenye duka la kufulia la mtaani kwetu.

Kwa hivyo yabebe wewe. Kama una anti yako Lowell au Dallas, mtumie hii leo na umuulize, "Anti, nyuma ya draya yako kuna bomba la aina gani?" Kama unafanya kazi kwenye saluni au duka la kufulia, mwonyeshe bosi ile sehemu ya taulo za mafuta. Kama bado uko timu kamba na pegi kama mimi, endelea kulifurahia jua, ni bure na halina koili. Lakini siku ukipata keja yenye draya, kabla hujaijaza nguo, ivute mbele uangalie kilicho nyuma.